Mtoto ameshuhudia kipigo nyumbani: acheze, asimulie, au atibiwe pamoja na mama yake?

Mama mmoja alikaa mbele yangu kwenye chumba changu cha unasihi, mtoto wake wa kiume wa miaka 5 ameshika pindo la kanga yake hataki kuliachia. Akaniambia, "Dada, huyu hajapigwa hata siku moja. Nilikuwa napigwa mimi. Lakini sasa ameanza tena kukojoa kitandani, na mlango ukigongwa tu anaingia uvunguni."

Alikuwa ameshauriwa na watu watatu, na kila mmoja alisema lake. Mwalimu wa chekechea alimwambia mtoto aachwe acheze, atapona. Jirani akamwambia lazima mtoto aeleze alichokiona, la sivyo kitamkaa moyoni mpaka ukubwani. Nesi wa kliniki akamwambia, "Mama, anza na wewe. Mtoto anakusoma wewe." Yeye alitaka jambo moja tu: amsikilize nani?

Wote watatu walikuwa wameshika kipande cha ukweli, na kila kipande kina tiba yake yenye jina, hatua na watu waliosomea. Hapa nazilinganisha tiba tatu hizo, na nyongeza ya nne kwa wale walioko mbali na mtaalamu. Naandika kwa ajili ya mama, bibi, shangazi, baba anayelea peke yake au mwalimu ambaye ameambiwa "mpeleke mtoto kwa mnasihi" na hajui ampeleke kwa mnasihi wa namna gani.

Kabla ya kuchagua chochote

Swali la kwanza halihusu tiba. Je, kipigo kimekoma? Mtoto akitoka kwenye kipindi saa kumi jioni akarudi kwenye nyumba ambayo saa tatu usiku sahani zitaruka, woga wake si ugonjwa. Ni akili timamu inayofanya kazi yake. Kumfundisha atulie mahali ambapo hapaswi kutulia ni kumwondolea ngao.

Kwa hiyo usalama hutangulia. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na simu ya bure 116 kwa masuala ya watoto. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, vinavyohudumia waliofanyiwa ukatili. Kenya namba ya watoto ni hiyohiyo 116, na ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa, hivyo jirani anayesema "sitaki kuingilia ndoa ya watu" hana kinga aliyodhani anayo.

Jambo la pili: si kila mtoto aliyeona ugomvi anahitaji tiba. Wengi hurudi katika hali yao wakishapata nyumba tulivu, ratiba inayoeleweka na mtu mzima mmoja wa kumtegemea. Ninachoangalia ni dalili zinazodumu zaidi ya mwezi mmoja baada ya utulivu kupatikana: majinamizi, kushtuka, kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, kupiga wenzake, kurudia tabia za utotoni alizokwisha kuziacha. Na kuna dalili moja ambayo wazazi huisifu: mtoto aliyekuwa mtundu amekuwa mtiifu kupita kiasi, hasemi, haombi, anatembea kwa ncha za vidole. Huyo namwogopea kuliko anayevunja vikombe.

Vigezo nitakavyotumia

Kila tiba nitaipima kwa mambo yaleyale: kinachofanyika chumbani, umri unaofaa, kazi ya mlezi, muda na gharama, ushahidi uliopo, na mahali inapokwama. Kuhusu gharama sitataja bei, kwa sababu kwa familia nyingi ninazoziona ada si tatizo kubwa. Nauli ya watu wawili kila wiki, na siku ya kazi inayopotea, ndiyo inayowaangusha.

1. Tiba kwa michezo, mtoto akiongoza

*Chumbani.* Chumba hakihitaji kuwa cha kifahari. Changu kina mkeka, beseni la mchanga, familia ya wanasesere wa vitambaa (baba, mama, bibi, watoto, kichanga), sufuria ndogo na vikombe, gari la polisi na la wagonjwa, simba na mbuzi wa plastiki, simu mbovu, bandeji, kalamu za rangi na udongo. Vitu havihamishwi. Wiki hii simba yuko kwenye rafu ya chini, wiki ijayo yuko hapohapo. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kinachotabirika huanza kupumua anapokuta simba hajaondoka.

Mtoto ndiye anayechagua cha kuchezea na namna ya kukichezea. Mnasihi hafundishi, hasifu, haulizi "kwa nini". Anasema kile anachokiona, anaipa hisia jina, na anaweka mipaka michache: hatujiumizi, hatuumizani. Njia hii ilijengwa na Virginia Axline wa Marekani katika miaka ya 1940, akitokea kwenye mafundisho ya mwanasaikolojia Carl Rogers.

Yule mtoto wa miaka 5, vipindi vinne mfululizo alicheza mchezo mmoja. Anachukua kichanga, anakiweka ndani ya sufuria, anafunika, anaisukuma sufuria chini ya kiti. Kisha anamchukua baba na kumtembeza chumba kizima kwa vishindo. Sikumuuliza "huyo ni baba yako?" Nilisema tu, "Mtoto amefichwa mahali asipoonekana." Bila kunitazama akajibu, "Anti, hapigi kelele. Akipiga kelele atasikika." Kipindi cha saba alifunua mfuniko mwenyewe. Akaweka simba mlangoni, safari hii simba akiwa mlinzi, akamtoa kichanga akamlaza kwa bibi.

Mchezo unaojirudia bila furaha na bila mwisho ni alama inayojulikana. Daktari Lenore Terr aliieleza alipowafuatilia watoto waliotekwa ndani ya basi la shule huko Chowchilla, California, mwaka 1976. Mtoto akibaki amekwama humo peke yake, mchezo unamtonesha. Akiwa na mtu mzima aliyesomea, unaweza kupata mwisho mwingine. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya tiba na kombolela ya uani, na mwalimu wa chekechea alikuwa sahihi nusu: mchezo unaponya, ila si kila mchezo.

*Umri.* Takribani miaka 3 hadi 12. Ni tiba ya mtoto ambaye maneno hayajatosha, na pia ya yule ambaye maneno anayo lakini aliapizwa asiseme.

*Mlezi.* Hukaa nje ya chumba, ila hukutana na mnasihi mara kwa mara. Asiwekwe pembeni kabisa. Uchambuzi mkubwa uliojumlisha tafiti 93 za tiba kwa michezo, uliotoka mwaka 2005, ulionyesha matokeo makubwa zaidi pale wazazi waliposhirikishwa.

*Muda na gharama.* Dakika 45 hadi 50 kwa wiki, kwa miezi. Uchambuzi huohuo ulikuta faida ikifika kileleni kwenye vipindi 35 hadi 40, ingawa mabadiliko huanza mapema zaidi. Kwenye nyumba salama, yaani mahali wanapohifadhiwa waliokimbia kipigo, ambako mama hajui atakaa hadi lini, kuna mtindo wa kuvibana vipindi 12 ndani ya wiki chache.

*Ushahidi.* Kwa matatizo ya watoto kwa jumla ni mzuri. Kwa watoto walioshuhudia ukatili nyumbani hasa, tafiti zipo lakini ni ndogo.

*Inapokwama.* Ni ya taratibu, na mama haoni kinachoendelea. Nimeulizwa zaidi ya mara moja, "Nilipe nauli mbili aje kucheza?" Ni swali la haki, na mnasihi asiyeweza kulijibu kwa maneno mepesi bado hajaielewa kazi yake. Hatari nyingine ni tafsiri za haraka. Mtoto akimzika mwanasesere wa baba mchangani haina maana anataka baba afe. Huenda anacheza tu na mchanga.

2. Tiba ya hatua kwa hatua inayofika kwenye simulizi

*Chumbani.* Jina lake rasmi ni tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na tukio la kutisha. Waliibuni Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, Marekani. Haianzi na simulizi, na hapa ndipo jirani alipokosea. Mtoto kwanza anaelezwa kiwewe ni nini na kwamba hayuko peke yake. Anajifunza kuutuliza mwili. Mimi huwaambia wapulize kama wanapoza uji wa moto, polepole, usije ukamwagika. Anajifunza kuzipima hisia: hasira ya leo inajaa kikombe au ndoo? Baada ya hapo ndipo anapoanza kusimulia, kipande kwa kipande, kwenye daftari, kwa michoro au kwa mdomo, akirudi nyuma kila anapozidiwa.

Kazi kubwa iko kwenye mawazo yaliyojificha ndani ya simulizi. Binti wa miaka 10 aliandika kwamba siku ile baba alikasirika kwa sababu yeye hakuosha vyombo. Aliishi na wazo hilo miaka miwili bila kumwambia mtu. Mtoto anaweza kucheza mwaka mzima na wazo kama hilo lisiguswe. Hapa linaandikwa, linasomwa, linaulizwa: vyombo vinaweza kumpiga mtu? Mwisho, mtoto anamsomea mlezi aliyeandaliwa.

*Umri.* Imeandikwa kwa miaka 3 hadi 18. Kwa uzoefu wangu inafanya kazi vizuri zaidi kuanzia umri wa shule ya msingi, mtoto anapoweza kupanga jambo lililotangulia na lililofuata.

*Mlezi.* Ana vipindi vyake, sambamba na vya mtoto, na baadaye wanakutana pamoja. Mlezi anayekuja mara moja tu kujaza fomu anaipunguzia tiba hii nguvu.

*Muda na gharama.* Kwa kawaida vipindi 12 hadi 16. Ina mwanzo na mwisho, na familia zinapenda kujua mwisho uko wapi. Inaweza kufanyika kwa vikundi, jambo linalopunguza gharama sana.

*Ushahidi.* Ndiyo yenye ushahidi mwingi kuliko nyingine zote hapa, na sehemu yake imetoka kwetu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu, wakitumia vikundi na vipindi vichache vya mtoto mmoja mmoja. Katika maeneo matatu kati ya manne (mjini na vijijini, kila nchi) tiba hii ilishinda huduma ya kawaida mara baada ya tiba. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilibaki wazi upande wa Kenya, lakini upande wa Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayolingana. Wale walikuwa watoto wa msiba, si wa kipigo, kwa hiyo tusiyabebe matokeo yote kama yalivyo.

Kwa kipigo chenyewe kuna utafiti wa Pittsburgh wa mwaka 2011: watoto 124 wa miaka 7 hadi 14, kwenye kituo cha wanawake waliokimbia ukatili, kwa vipindi 8 tu. Kundi moja lilipata tiba hii, jingine lilisikilizwa na kufuatwa bila kuongozwa. Kundi la kwanza lilipungukiwa zaidi na dalili za kiwewe na wasiwasi. Wanaopenda tiba kwa michezo, nikiwemo mimi, tunapaswa kuukubali ukweli huo. Ila huduma ya kundi la pili haikuwa tiba kamili ya michezo, wala utafiti haukugusa watoto wa miaka 3 na 4.

*Inapokwama.* Mikononi mwa mtu mwenye haraka inageuka mahojiano. Nimewahi kumpokea mtoto aliyesimulishwa siku ya kwanza, na mtu mwenye nia njema. Mwezi mzima hakutaka kuingia chumba chochote chenye meza. Na kama hatari bado ipo, simulizi hubadilika sura: lengo linakuwa kumsaidia mtoto kutofautisha hatari ya kweli na kumbukumbu, pamoja na kupanga pa kukimbilia.

3. Tiba ya mama na mtoto pamoja

*Chumbani.* Wote wawili wako kwenye mkeka, mnasihi yuko nao. Midoli ipo, lakini mteja si mtoto wala mama. Mteja ni uhusiano wao. Tiba hii ilikuzwa San Francisco na Alicia Lieberman na Patricia Van Horn kutokana na kazi ya Selma Fraiberg kwa wazazi wa watoto wachanga.

Mantiki yake ni hii: kwa mtoto mdogo, mama ndiye kimbilio, na mama huyohuyo ndiye aliyekuwepo wakati wa kutisha. Sauti yake ikipanda kidogo, mwili wa mtoto unarudi usiku ule. Mama naye akiona mtoto amenuna, anaiona sura ya mume. Siku moja mama aliinua mkono kukaza kilemba chake, mtoto akajikunyata. Mama akaumia, akasema, "Mbona waniogopa kama baba yako?" Mtoto wa miaka 3 hana jibu la swali hilo. Mnasihi alimsemea: "Mama, nikiona mkono umeinuka mwili wangu unakumbuka. Sijakusudia." Mama alikaa kimya, kisha akaushusha mkono polepole mpaka kwenye mkeka, kiganja juu. Mtoto hakuja siku hiyo. Alikuja wiki iliyofuata.

Wanafika pia mahali pa kulitaja tukio, kwa maneno mepesi, na anayeyasema ni mama: uliona baba akinipiga, uliogopa, na mimi niliogopa, sasa tunakaa kwa bibi na kazi yangu ni kukulinda. Mama wengi hudhani mtoto wa miaka 2 au 3 hakuelewa. Hakuelewa sababu, lakini kishindo alikisikia.

*Umri.* Tangu kuzaliwa hadi miaka 5.

*Mlezi.* Bila yeye hakuna tiba. Anaweza kuwa mama, bibi au yeyote ambaye mtoto anamtegemea kwa kulala na kuamka. Mtu aliyekuwa akipiga haingii chumbani hivihivi. Kwanza kipigo kikome kabisa, awe amewajibika, na wataalamu wa usalama waridhike.

*Muda na gharama.* Saa moja au zaidi kwa wiki, kwa karibu mwaka mzima. Ndiyo ndefu kuliko zote.

*Ushahidi.* Utafiti wa mwaka 2005 ulihusisha jozi 75 za mama na mtoto wa miaka 3 hadi 5 aliyeshuhudia ukatili wa ndoa. Watoto walipungukiwa na dalili za kiwewe na tabia ngumu kuliko waliopata huduma za kawaida. Sijui tiba nyingine iliyojaribiwa hivyo kwa watoto wadogo kiasi hiki wa nyumba za namna hii hasa.

*Inapokwama.* Mwaka ni mrefu kwa mama anayetafuta chumba cha kupanga na mtaji wa genge. Tena waliosomea tiba hii kwetu ni wachache mno. Mama mwenye sonona nzito anaweza kuhitaji msaada wake mwenyewe kwanza, au sambamba. Nesi wa kliniki alikuwa na hoja, ila aliisema kwa namna iliyomfanya mama ajione yeye ndiye mkosaji.

4. Mlezi anafundishwa kucheza

Hii ni ya watu walio mbali na mtaalamu, na naipa uzito kuliko inavyopewa. Bernard na Louise Guerney waliianzisha Marekani katika miaka ya 1960: badala ya mnasihi kucheza na mtoto, anamfundisha mlezi. Katika mtindo unaotumika zaidi leo, walezi wachache hukutana na mnasihi mara 10, na kila wiki kila mmoja anacheza na mtoto wake dakika 30 nyumbani.

*Chumbani* ni sebuleni, kibarazani au chini ya mwembe, palipo na faragha. Midoli huwekwa kwenye mfuko wake na haitoki siku nyingine: gari la makopo, mwanasesere wa vitambaa, vifuu vya kupikia, kalamu. Ndani ya nusu saa hiyo mtoto anaongoza, simu imezimwa, hakuna "usifanye hivyo, fanya hivi". Mlezi anafuata na kutaja hisia. *Umri* ni takribani miaka 3 hadi 10. *Gharama* ni ndogo kuliko zote. *Ushahidi* wake kwa jumla ni mzuri, na umejaribiwa pia, kwa idadi ndogo, kwa akina mama na watoto walioko kwenye nyumba salama.

*Inakwama* kwa mtoto mwenye dalili nzito, kwa mlezi ambaye bado anatetemeka mwenyewe, na kwa familia ya watu saba chumba kimoja. Nusu saa ya kumfuata mtoto ni ngumu pia kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba mkubwa hachezi na mdogo. Bibi mmoja aliniambia wiki ya pili, "Mwanangu, magoti yanauma, lakini huyu mtoto leo kanichekea."

Usichanganye tiba na ushahidi

Hili linaharibu kesi na linaharibu watoto. Polisi na mahakama wanahitaji kujua nini kilitokea, lini, nani alifanya. Tiba inahitaji kujua mtoto anabeba nini. Anayehoji kwa ajili ya kesi ana taratibu zake, na mtoto ahojiwe mara chache iwezekanavyo. Usimwombe mnasihi "amchimbe mtoto aseme mbele ya hakimu", wala usimfundishe mtoto nyumbani maneno ya kusema. Mchezo wa mwanasesere si kielelezo. Lakini mtoto akisema jambo linaloonyesha hatari, mnasihi hana ruhusa ya kulifanya siri, na mnasihi mwema atakuambia hivyo siku ya kwanza, wewe na mtoto.

Utamjuaje aliyesomea

Midoli kila mtu anaweza kununua. Uliza: umesomea tiba gani kati ya hizi, wapi, na nani anakusimamia? Utanishirikisha vipi mimi mlezi? Tukigundua mtoto bado yuko hatarini, utafanya nini? Anayekasirishwa na maswali hayo, mshukuru uondoke. Mwenye kukwambia "hiyo ya kusimulia sijasomea, lakini namjua aliyesomea" mshike sana. Pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, kisha mashirika ya watoto yaliyo karibu.

Kwa hali yako

Kama mtoto ana chini ya miaka 5 na yuko na mama au bibi anayeweza kuja naye, tafuta kwanza tiba ya pamoja. Haipo? Tiba kwa michezo yenye vikao vya mara kwa mara na mlezi inakaribia.

Mtoto wa miaka 5 hadi 7, hasemi, anarudia mchezo uleule: mchezo uanze. Maneno yakishaanza kutoka, mnasihi aliyesomea zote mbili anaweza kumvusha kwenye simulizi. Ndivyo tulivyofanya na mtoto wa sufuria.

Mtoto wa miaka 8 na kuendelea mwenye majinamizi, kushtuka na kujilaumu, na nyumba imeshatulia: tiba ya hatua kwa hatua, hata ikiwa ya kikundi. Kijana wa miaka 14 msimkalishe kwenye beseni la mchanga. Ataona mnamdharau. Ila mpe kalamu au udongo wa kushika mikononi akiwa anaongea.

Mko nyumba salama na hamjui mtakaa hadi lini: uliza kama wana vipindi vya mfululizo. Fundisho la mlezi kucheza nalo linafaa, kwa sababu mtaondoka nalo popote mtakapokwenda.

Kipigo hakijakoma, na kuondoka leo hakuwezekani: usianzishe simulizi. Mtoto apate mtu mmoja wa kumwendea, ajue nyumba ya jirani gani atakimbilia, ajue namba 116, na aambiwe wazi kwamba kazi yake si kuamua ugomvi. Mchezo wa utulivu shuleni au kwa shangazi unamsaidia kuvumilia, huku watu wazima wakishughulikia mlango wa kutokea.

Mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono pia: hospitali kwanza, ndani ya saa 72 ikiwezekana, kwa ajili ya dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Baadaye tiba ya hatua kwa hatua ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi.

Mtoto amekwenda mara mbili na hataki kurudi: usimburute, wala usimwache moja kwa moja. Muulize mnasihi, mbele ya mtoto, kama wiki ijayo anaweza kukaa mlangoni tu, mlango ukiwa wazi, nawe ukionekana kwenye benchi la nje.